Ridhaa haidai karatasi wala sahihi, inadai tuache kuuliza "mbona hukupiga kelele"

Novemba 2025 Ufaransa walibadilisha sheria yao ya ubakaji wakaingiza neno ridhaa ndani yake, na tangu hapo mjadala ninaousoma huku na kule umekwenda kombo kabisa. Kuna wanaouliza kama sasa mwanaume atembee na fomu mfukoni, kuna wanaosema mtu yeyote atafungwa kwa neno la mwanamke tu, na upande wa pili kuna wanaoshangilia kana kwamba ubakaji umefutwa. Mi naona wote hao wamepishana na jambo lenyewe. Kilichobadilika pale ni swali la kwanza ambalo mpelelezi na hakimu wanatakiwa kuuliza. Zamani lilikuwa linamwangukia mwanamke, ulipambana vipi, ulipiga kelele, alikushikia kisu, na sasa linatakiwa limwangukie aliyefanya, ulijuaje kwamba amekubali. Na hoja yangu ni kwamba lile swali la zamani halijawahi kukaa mahakamani peke yake, limekaa kwenye ushauri wa usalama tunaowapa mabinti zetu, limekaa kwenye chumba cha daktari, limekaa kwa dada au rafiki anayeambiwa wa kwanza, kwahiyo likiondoka kwenye kitabu cha sheria alafu likabaki huko kwingine kote, aliyebakwa atakuwa hajapata kitu cha maana.

Tuangalie kwanza kilichokuwepo. Sheria ya Ufaransa ilikuwa inautambua ubakaji kwa milango minne, nguvu, kushurutisha, vitisho au kushtukiza, manake mwendesha mashtaka alitakiwa aingie kwa mojawapo la sivyo hana kesi, hata kama kila mtu mahakamani anaona kwamba yule mwanamke hakutaka. Kilichosukuma mabadiliko ni kesi ya Gisèle Pelicot, ambaye mume wake kwa karibu miaka kumi alikuwa anamlisha dawa za usingizi kwa siri, anaalika wanaume aliowapata mtandaoni waje kumbaka akiwa hajitambui, na yeye anarekodi. Mambo yalifumuka 2020 baada ya huyo mume kukamatwa kwa kosa lingine, kuwapiga wanawake picha chini ya sketi dukani. Kesi ilianza Avignon Septemba 2024, mama mwenyewe akakataa isikilizwe faragha kwa sababu aliona aibu inatakiwa ihamie kwa waliofanya, na Desemba washtakiwa wote 51 wakakutwa na hatia, mume akapewa miaka 20. Wengi walijitetea kwamba walidhani ni mchezo wa wanandoa, wengine kwamba mume akiruhusu basi imetosha. Hapo pana jambo ambalo watu wanalipita haraka sana: hawa walifungwa kwa sheria ya zamani, ila kilichowabana hasa ni zile video. Sasa jiulize mwanamke asiye na video, ambaye hakupigwa, hakutishwa kwa maneno, aliganda tu mpaka ikaisha, yeye angeingilia mlango upi kati ya ile minne? Huyo ndo wengi wetu tunamjua.

Sheria mpya inasema tendo la kingono lisilo na ridhaa ni kosa, na ridhaa yenyewe inatakiwa iwe huru, ya mtu anayejua anachokubali, ya jambo mahususi, iliyotolewa kabla, na inayoweza kuondolewa muda wowote. Alafu inaongeza kitu ambacho mimi naona ndo moyo wake, kwamba ridhaa haiwezi kudhaniwa kwa sababu tu mtu alikaa kimya au hakuonyesha kupinga. Ile milango minne ya zamani haijatupwa, imebaki kama hali ambazo zikiwepo basi moja kwa moja hamna ridhaa.

Na Ufaransa wala hawakuwa wa kwanza, wamechelewa. Desemba 2003 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg iliamua kesi ya binti wa Bulgaria aliyekuwa na miaka 14, ambaye faili lake lilifungwa kwa sababu wapelelezi hawakuona ushahidi kwamba alitumiwa nguvu na akapambana, na mahakama ikasema wazi kwamba nchi haiwezi kudai ushahidi wa kupambana ndo imlinde mtu. Sweden walibadilisha Julai 2018. Hispania walifika huko 2022 baada ya hasira ya miaka, manake wanaume watano walimfanyia binti mmoja unyama Pamplona mwaka 2016, mahakama ya kwanza ikawatia hatiani kwa kosa dogo la udhalilishaji kwa kuwa haikuona nguvu wala vitisho, mpaka Mahakama ya Juu ilipokuja kusema 2019 kwamba ule ulikuwa ubakaji na kuwaongezea kifungo hadi miaka 15. Japani 2023 walibadilisha hata jina la kosa, kutoka kulazimisha hadi kufanya bila ridhaa, wakaorodhesha hali kama kushikwa na hofu au mshtuko, na wakapandisha umri wa kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16. Na wasomaji wa Kiswahili wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya wajue kwamba sheria ya Tanzania tangu mabadiliko ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema ushahidi wa kupambana, kama majeraha mwilini, hauhitajiki ili kuthibitisha kwamba ridhaa haikuwepo, na sheria ya Kenya ya 2006 inasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Miaka yote hiyo imeandikwa. Lakini kaa kwenye kikao chochote ubakaji utajwe, uone swali la kwanza linalotoka midomoni mwa watu ni lipi.

Kwa nini swali la kupambana ni baya kiasi hicho? Kwa sababu linaujengea mwili wa mwanadamu tabia ambayo hana. Tunadhani mtu akishambuliwa ana njia mbili, apigane au akimbie, na tunasahau ya tatu, kuganda, ambapo misuli inakataa amri, sauti haitoki, mtu anaona na kusikia kila kitu lakini mkono haunyanyuki. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa jijini Stockholm ndani ya mwezi mmoja wa tukio. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa, na asilimia 48 kwa kiwango cha juu kabisa. Yaani aliyeganda ndo wa kawaida na aliyepambana ndo wa pembeni. Na walioganda, miezi sita baadae, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata msongo mkali wa baada ya kiwewe na sonona, ambayo haishangazi, fikiria mtu anayejiuliza kila usiku mbona sikufanya chochote, alafu anakutana na afisa anayemuuliza swali lilelile kwa sauti. Mahakama iliyotumia kupambana kama kipimo ilikuwa inawatupa nje wengi wa walioumizwa, na tena wale walioumia zaidi.

Sasa hoja za wanaopinga, na nianze na ile iliyosambaa kuliko zote na ambayo ndo dhaifu kuliko zote, ile ya karatasi. Wanasema ridhaa ya kabla na mahususi maana yake ni mkataba, kwamba itabidi kusaini, kuna hata waliotengeneza programu za simu za watu wawili kubonyeza "nimekubali". Hakuna nchi hata moja kati ya nilizozitaja ambayo sheria yake inadai maandishi. Tena karatasi isingesaidia kitu, kwa sababu ridhaa inaweza kuondolewa, kwahiyo sahihi ya saa mbili usiku haisemi chochote kuhusu saa tatu, na mtu anaweza kusaini kwa kuogopa. Watu wazima wanajua kusomana. Mtu anayekusogelea, anayekujibu, anayecheka na wewe, anayekuvuta, huyo huhitaji fomu ili umwelewe, na mtu aliyekauka kama gogo, anayeangalia dari, anayesukuma mkono wako, huyo nae anaeleweka, na kama humwelewi una mdomo, unauliza. Anayesema hawezi kutofautisha hao wawili hana tatizo na sheria, ana tatizo la kutojali yule aliye mbele yake anataka nini, na hiyo ndo hali yenyewe ambayo sheria inailenga. Sweden walikwenda mbali zaidi wakaweka kosa la ubakaji wa uzembe, kwa anayeendelea bila kujishughulisha kujua.

Hoja ya pili ni nzito na haitakiwi kupuuzwa, ile ya mzigo wa ushahidi. Kwamba sasa mshtakiwa ndo athibitishe kuwa aliridhiwa, na hilo linavunja kanuni kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike. Kama sheria ingefanya hivyo ningekuwa wa kwanza kuipinga, kwa sababu mahakama inayomfunga mtu bila kuthibitisha haitamlinda mwanamke pia siku akikaa yeye kizimbani. Lakini mzigo haujahama. Mwendesha mashtaka bado ndo anatakiwa athibitishe kosa, kilichobadilika ni kile anachotakiwa kukithibitisha. Kumuuliza mshtakiwa ulijuaje siyo kumlazimisha ajithibitishe, ni kuchunguza alichofanya na alichojua, kama tunavyofanya kwa makosa mengine yote. Sweden tunaweza kupima kidogo kwa sababu miaka imepita: Baraza lao la kuzuia uhalifu liliripoti 2020 kwamba waliotiwa hatiani kwa ubakaji walipanda kutoka 190 mwaka 2017 hadi 333 mwaka 2019. Ongezeko kubwa, ila bado ni mamia ndani ya nchi yenye watu kama milioni kumi, hayo siyo magereza kujaa wanaume waliosingiziwa. Na hili la kusingizia lina tafiti zake, mojawapo ya David Lisak na wenzake ya 2010 iliyopitia kesi 136 zilizoripotiwa chuo kikuu kimoja kwa miaka kumi, wakakuta 8 ndo zilithibitika kuwa za uongo, kama asilimia 6. Zipo, na kila moja ni dhuluma kwa aliyesingiziwa, na dawa yake ni upelelezi mzuri. Upelelezi mzuri ndo huohuo anaouhitaji aliyebakwa kweli. Mpelelezi mvivu anaanza na kumshuku mwanamke na anaishia hapohapo, hajakusanya simu, hajahoji majirani, hajapima nguo, kwahiyo hawezi kumsafisha asiye na kosa wala kumbana mwenye nalo.

Ipo hoja ya tatu ambayo inatoka kwa watetezi wa wanawake wenyewe, na hii kiukweli ndo iliyonisumbua zaidi. Kule Ufaransa baadhi yao waliogopa kwamba ukiweka ridhaa katikati ya sheria, basi mawakili wa utetezi wataigeuza kesi nzima kuwa uchunguzi wa mwanamke, alisema nini, alituma meseji gani, alilala na nani mwezi uliopita, wakati milango minne ya zamani angalau ilikuwa inamwangalia mwanaume alifanya nini. Wana pointi. Sheria ya ridhaa ikiangukia mikononi mwa watu wenye akili ileile itatumika kwa namna ileile. Hispania nao walionyesha kwamba nia njema haitoshi, manake waliunganisha makosa mawili kuwa moja bila kupanga vizuri viwango vya adhabu na wafungwa zaidi ya 1,000 wakapunguziwa vifungo, ikabidi Bunge lirudi kurekebisha 2023. Ndo maana ile sentensi ya ukimya ni muhimu kuliko neno ridhaa lenyewe, kwa sababu inamfunga mikono hakimu anayetaka kusema hakupinga kwahiyo alikubali. Ila hoja hiyo hainipeleki kwenye kurudisha milango ya zamani, inanipeleka kwenye kile nilichosema mwanzo, kwamba kazi kubwa iko nje ya sheria.

Na sehemu ya kwanza nje ya sheria ni ushauri wa usalama. Usitembee usiku, usipite njia ya peke yako, usivae hivi, shika funguo mkononi, washa lokesheni, nunua filimbi. Ushauri wote huu umejengwa juu ya mtu mmoja, mgeni anayeruka kutoka kichakani. Wapo hao, na mwanamke anayejihadhari nao anafanya sawa. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake ya 2021 lilisema karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amepata ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake, na sehemu kubwa ya hiyo imetoka kwa mume au mpenzi, wakati waliosema wameshambuliwa kingono na mtu asiye mwenza wao walikuwa asilimia 6, na hata ndani ya hao kuna mjomba, bosi, mwalimu, rafiki wa kaka, kiongozi wa dini. Sasa funguo mkononi zinamsaidia nini binti aliyeko sebuleni kwa mtu anayemwamini? Tumewafundisha kuogopa giza na hatujawafundisha kumtambua mtu wa karibu anayejaribu mipaka kidogokidogo, anayekataa kusikia hapana kwenye vitu vidogo, anayekutenga na wenzako, anayekupa kinywaji kingine baada ya kusema umetosheka. Na ushauri huu una sumu nyingine ndani yake, kwamba ukikiuka kipengele kimoja basi limekuwa kosa lako. Yaani ni lile swali la mahakamani limehamia nyumbani, likitangulia hata kabla ya tukio.

Hapa kuna wanaokwenda upande wa mbali wa pili, wanasema basi tusiwafundishe wanawake chochote, tuwafundishe wanaume wasibake, kumfundisha mwanamke kujilinda ni kumlaumu. Naelewa hasira yao lakini sikubaliani nao, na sababu yangu ni ushahidi. Mwaka 2015 Charlene Senn na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine utafiti wa wasichana 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada. Kundi moja lilipewa mafunzo ya saa 12, lingine likapewa vipeperushi kama ilivyozoeleka. Baada ya mwaka mmoja waliobakwa kwenye kundi la mafunzo walikuwa asilimia 5.2, na kwenye kundi la vipeperushi asilimia 9.8. Karibu nusu imepungua, na mambo machache sana kwenye eneo hili yamewahi kupimwa yakaleta matokeo hayo. Walichofundishwa ndo cha kuangalia. Hawakuambiwa wafunike mwili wala wakae ndani. Walifundishwa kutambua dalili za hatari kwa wanaume wanaowajua, kuvuka ile aibu inayomfanya msichana asitake kumkwaza rafiki, kujua wao wenyewe wanataka nini na hawataki nini, na kutumia mdomo na mwili kujinasua, tena wakaambiwa waziwazi kwamba lawama yote ni ya mshambuliaji hata kama hawakuweza kufanya lolote. Kupambana kama chaguo unalopewa kunakuongezea uhuru. Kupambana kama wajibu unaohukumiwa nao ni ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza. Tofauti hiyo ndo mjadala wetu unaipoteza kila siku, upande mmoja unadai mwanamke apambane ili aaminiwe, upande mwingine unamnyima hata mafunzo ili asilaumiwe.

Alafu inakuja ile sehemu ambayo naona tunaizungumza kidogo kuliko zote, saa za kwanza baada ya tukio. Hapa kutojua kunaumiza watu kweli. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, wengi wanaziita PEP, zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na ukianza mapema zaidi ndo bora zaidi, kisha zinamezwa siku 28 bila kuacha. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinatumika hadi saa 120, yaani siku tano, lakini nguvu yake inapungua kadri unavyochelewa, na kitanzi cha shaba nacho kinaweza kuwekwa ndani ya siku hizo tano. Kuna dawa za kukinga magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini B. Aliyekabwa shingo aende hospitali hata kama hana alama yoyote nje, na hasa kama sauti imebadilika au anameza kwa shida, kwa sababu madhara ya kukabwa yanaweza kujitokeza baadae na yanaua. Anayehisi alileweshwa kwa dawa awahi kutoa mkojo, baadhi ya dawa hizo zinatoka mwilini ndani ya saa 12 hivi. Kama anaweza asioge wala kufua kabla ya kuonwa, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu wa plastiki unatunza unyevu na kuharibu vinasaba, na meseji zisifutwe hata zile zinazotia aibu. Ila kama ameshaoga aende hivyohivyo. Kama zimepita siku aende hivyohivyo. Nimesikia mtu akimwambia mwenzie kwamba kwa kuwa ameoga basi hamna tena la kufanya, na sentensi kama hiyo inamnyima mtu dawa ambazo zilikuwa zinamsubiri.

Na kitu kimoja kinatakiwa kisemwe kwa sauti, matibabu hayatakiwi kusubiri polisi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka aliyebakwa atibiwe kwanza, awe ameripoti au hajaripoti, awe ataripoti kesho au hataripoti kabisa. Saa 72 hazisimami zikisubiri mtu ajikusanye ujasiri wa kwenda kituoni, wala zikisubiri ndugu wamalize kikao cha kuamua kama jambo liende mbele au limalizwe kimyakimya. Daktari anayesema leta kwanza barua ya polisi ndo nikuhudumie anacheza na maisha ya mtu, na popote utaratibu unapomruhusu kusema hivyo utaratibu huo ubadilishwe kabla hata ya sheria ya ubakaji.

Hospitalini nako lile swali la zamani limejificha kwenye vipimo. Kwa miaka mingi madaktari sehemu nyingi za dunia wamekuwa wakiingiza vidole viwili kuangalia kama mwanamke "amezoea", kitu ambacho hakina msingi wowote wa kisayansi, ni kumuumiza tena tu. Umoja wa Mataifa kupitia mashirika yake, likiwemo la afya, ulitoa wito mwaka 2018 kipimo hicho, wanachokiita cha bikira, kikomeshwe, mahakama kuu ya Lahore kule Pakistan ikakipiga marufuku Januari 2021, na Mahakama ya Juu ya India Oktoba 2022 ikasema anayekifanya anakuwa na hatia ya utovu wa maadili. Vilevile ripoti inayoandika "hakuna majeraha" inasomwa mahakamani kama "hakuna ubakaji", wakati wengi waliobakwa hawana jeraha lolote sehemu za siri. Sheria ya ridhaa ikija alafu fomu ya daktari ikabaki na akili ile, mwendesha mashtaka atakuwa na silaha mpya na risasi za zamani.

Kabla ya polisi na daktari, kwa wengi, kuna mtu mmoja anayeambiwa. Dada, rafiki, mama, mwenzie wa chumbani. Tafiti za Sarah Ullman na wengine wa Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba aliyejibiwa kwa lawama au kutoaminiwa anapata dalili mbaya zaidi za kiwewe, na wengi wakijibiwa vibaya mara ya kwanza wananyamaza moja kwa moja. Mtu wangu wa karibu alimwambia ndugu yake mkubwa usiku uleule, akaulizwa "kwani wewe ulienda kufanya nini kule", ikaisha hapo, hospitali hakwenda. Huyo ndugu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu, na hofu ikatoka na swali ambalo sote tumelelewa nalo. Kinachotakiwa wala si kigumu. Nakuamini. Siyo kosa lako. Uko salama sasa hivi? Unataka nikusindikize hospitali? Msikilize bila kumvuta atoe maelezo yote, usimlazimishe kusimulia mwanzo mwisho, hata wataalamu wanashauriwa wasimfanyie mtu kikao cha kumwaga kila kitu mara baada ya tukio kwa sababu hakisaidii. Usimpigie mshukiwa simu. Usimwahidi kwamba atafungwa. Maamuzi yabaki mikononi mwake, kwa sababu aliyebakwa ametoka kunyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, na ndugu mwenye huruma anayemkokota kituoni kwa nguvu anamnyang'anya mwingine. Kama ni mtoto hapo ni tofauti, mtu mzima anawajibika kumlinda na kuripoti.

Na anaposimulia usishangae stori ikiwa na mapengo. Anakumbuka harufu ya shati na hakumbuki ilikuwa saa ngapi, anacheka mahali pa kulia, ametuma meseji ya "habari za asubuhi" kwa yule mtu kesho yake kwa sababu akili ilikuwa inajaribu kuifanya siku iwe ya kawaida. Mpelelezi asiyefundishwa anaona muongo. Aliyefundishwa anajua kiwewe huvuruga kumbukumbu na mpangilio, anaanza na kile mwanamke anachokumbuka na anarudi siku nyingine, huku akiwa ameshachukua simu ya mshukiwa na kumuuliza maswali ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuulizwa: alisema nini, alifanya nini, ulielewaje, alipokauka wewe ulifanya nini. Majibu ya maswali hayo ndo ushahidi mwingi wa kesi za ridhaa utakapotoka, na hakuna sheria itakayojiuliza yenyewe kama aliyeko dawatini hajafundishwa kuuliza.

Kwahiyo miaka miwili mitatu ijayo watu watakapokuja na takwimu za Ufaransa, ama kupiga vigelegele ama kusema nilikwambia, mi sitaangalia idadi ya waliofungwa peke yake. Nitataka kujua ni kesi ngapi za mwanamke aliyeganda, asiye na jeraha na asiye na video, zilivuka dawati la mpelelezi zikafika mbele ya hakimu, na ni wangapi kati yao walipewa dawa ndani ya zile saa 72 kabla mtu yeyote hajawauliza walikuwa wamevaa nini.